Mshale wa Mlangoni: shajara ya programu ya kuwaelekeza wanafunzi wapya chuoni, Tanga

Julai, wiki ya mitihani

Ruhusa imetoka. Tunatengeneza programu ya simu ya kumwelekeza mwanafunzi mpya ndani ya chuo kwa uhalisia ulioongezwa: unainua simu, kamera inaonyesha kilicho mbele yako, na juu ya picha hiyo hiyo simu inachora mshale na jina la jengo kana kwamba vimesimikwa pale. Tumeahidi iwe tayari wiki ya usajili, Oktoba. Timu ni ndogo. Mimi ni fundi wa maabara ya kompyuta. Wapo vijana wawili wa mwaka wa tatu wanaoandika msimbo, mwenzao mmoja mpenda ramani, na dada wa mwaka wa pili anayeshughulikia mwonekano wa kurasa. Huyu wa mwisho ndiye anayetukatalia mambo.

Chuo chenyewe si kikubwa. Ukitoka stendi ya Kange na bajaji ikakushusha getini, hata jengo la mbali kabisa unalifikia bila kuchoka (kutoa jasho ni jambo jingine, hapa Tanga mtu hutoa jasho amekaa). Lakini kila mwaka ni yale yale. Nusu ya walio kwenye foleni ya uhasibu walitakiwa wawe foleni ya usajili, na wengine wanaingia kipindi cha kwanza kikiwa kinaisha. Majengo yetu yalipewa herufi kwa mpangilio wa kujengwa, siyo wa kukaa. C iko kati ya A na E, D iko peke yake ng'ambo ya uwanja wa mpira wa wavu, na B ilibomolewa zamani, herufi yake haikurithiwa na jengo lolote. Kijana aliyekulia Ngamiani, anayejua kwamba baada ya Barabara ya Kumi na Moja inafuata ya Kumi na Mbili, hapa anapotea kuliko hata aliyetoka Handeni jana.

Kabla hatujagusa kompyuta tulikwenda kwa mzee wa getini. Baada ya shikamoo na marahaba tukamuuliza wageni hupotelea wapi. Hakufikiri mara mbili.

"Njiani hawapotei, wanangu. Wanapotea wakishafika."

Akatueleza. Mtu anaelekezwa maktaba, maktaba anaiona, anaizunguka, mlango haupati, anarudi getini kuuliza upya. Na kweli, mlango wa maktaba uko nyuma, kwa sababu nyuma ndiyo ilikuwa mbele kabla barabara ya ndani haijahamishwa. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi nayo iko ghorofa ya kwanza ya A, ila ngazi zake ziko nje, upande wa tangi la maji. Anayeingia kwa mlango mkubwa hataziona ngazi hizo mpaka kesho.

Maneno ya mzee tumeyaandika ubaoni, juu kabisa, yasifutwe.

Julai, mwishoni

Kijana wa ramani kaleta historia. Wazo la kumtembeza mtu chuoni kwa uhalisia ulioongezwa ni la zamani kuliko wote waliomo kwenye timu, ukiniondoa mimi. Mwaka 1997 Steven Feiner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitengeneza mtambo walioupa jina Touring Machine. Mtumiaji alivaa kioo cha machoni, akabeba kompyuta na kipokezi cha GPS kwenye begi mgongoni, na mkononi akashika skrini nyingine ndogo. Akitazama jengo la chuo, jina lake linatokea juu yake. Wakati huo Marekani ilikuwa bado inaharibu kwa makusudi usahihi wa GPS ya raia, kwa hiyo iliwabidi watumie masahihisho yanayotumwa na kituo cha ardhini. Uharibifu huo ulisitishwa Mei 2000.

Sasa vyote vile vimeingia kwenye simu ya mkononi. Vijana walivyosikia hivyo wakadhani kazi imeisha.

Agosti, mwanzoni

Tumezunguka kwenye vimbweta kuuliza watu wanatumia simu gani. Jibu ni lile ulilotarajia: Tecno, Infinix, Itel, Samsung za chini, na iPhone za mkono wa pili kwa wanaojiweza. Hapa ndipo mradi ulipopata kikwazo chake cha kwanza cha kweli.

Kwa Android tunatumia ARCore, zana ya Google ya kujengea programu za aina hii, iliyotoka rasmi mwaka 2018. Inahitaji Android 7.0 kwenda juu, na hilo karibu kila simu inalo. Shida ni kwamba Google huidhinisha simu kwa modeli, moja moja, na modeli nyingi za bei ya chini hazimo kwenye orodha. Sababu si ubaguzi. Ili mshale ukae mahali pamoja wakati wewe unageuka, simu lazima ijue imegeuzwa kiasi gani na kwa kasi gani, na kazi hiyo hufanywa na kamera ikisaidiana na kihisi kinachoitwa jairoskopu. Simu nyingi za bei nafuu zimeachwa bila jairoskopu ili bei ishuke. Kwenye simu kama hiyo mshale hauwezi kukaa.

Tumebishana jioni nzima. Kijana mmoja wa msimbo akashauri tuhudumie tu simu zinazokubali, wengine "watawafuata wenzao". Dada wa kurasa akamuuliza: mwenye simu ya bei ya chini na mwenye iPhone, nani anahitaji zaidi kuelekezwa, aliyetoka shule ya kata kijijini au aliyeletwa na gari la baba? Hakujibiwa.

Uamuzi: kila sehemu itakuwa na sura mbili. Simu ikikubali, unapata mshale hai kwenye kamera. Isipokubali, unapata picha ya mahali pale pale, imepigwa kutoka pale ulipo, na mshale umechorwa juu yake. Kijana wa msimbo bado ananung'unika kwamba picha si teknolojia. Sawa, anung'unike huku anapiga picha.

Agosti, Nane Nane

Sikukuu, chuo kitupu, siku nzuri ya kupima. Kijana wa ramani amechora njia zote za ndani kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichora, pamoja na zile za mkato ambazo ofisi ya majengo haizitambui lakini nyasi zake zimekufa kwa kukanyagwa.

Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na huku nyuzi moja ya latitudo na moja ya longitudo zinakaribia kulingana, kilomita 111 hivi kila moja. Hiyo inarahisisha hesabu: kwenye kipimo cha GPS, tarakimu ya tano baada ya nukta ni kama mita moja, uende upande wowote. Kwa hiyo tarakimu tunazo. Tatizo ni kwamba GPS ya simu, mahali peupe kabisa, hukosea kama mita 5. Chini ya miembe au kwenye kichochoro kati ya A na C, ambako mawimbi yanagonga kuta na mabati kabla ya kufika kwenye simu, inakosea zaidi. Mita 5 kwa dereva si kitu. Kwa anayetafuta mlango ni tofauti ya uhasibu na choo.

Dira ni mbaya zaidi. Dira ya simu inapima usumaku, na chuma cha jirani kinaivuruga. Karibu na geti kaskazini ilihamia upande wa Muheza. Na geti ndipo kila mtu anapoanzia.

Upo mfumo mwingine wa Google, uliotoka 2022, unaolinganisha unachokiona kwenye kamera na picha za Street View, zile ambazo magari ya Google hupiga barabarani, ili kujua umesimama wapi kwa usahihi kuliko GPS. Mzuri sana, ila njia za ndani ya chuo chetu hakuna gari lililopita kuzipiga picha. Tumeufunga ukurasa huo.

Agosti, mwishoni

Tumeamua kuachana na GPS kama mahali pa kuanzia. Tutabandika stika. Mwanafunzi akifika kwenye njia panda au mbele ya jengo, anaelekeza kamera kwenye stika, na simu inajua papo hapo: uko hapa, umeelekea huku. Sisi tulishapima stika iko wapi na inatazama upande gani, na simu ikijua ukubwa wake halisi inakokotoa yenyewe umesimama umbali gani na pembe gani.

Tulitaka kutumia msimbo wa QR peke yake, maana kila mtu anaujua kutokana na malipo ya dukani. Ni kazi ya kampuni ya Denso Wave ya Japani, tangu 1994, na una sifa moja inayoufaa ukuta wa nje: ukiuchapa kwa kiwango cha juu cha usahihishaji, unasomeka hata kama asilimia 30 hivi ya taarifa zake zimeharibika. Mvua, kucha za watoto, tangazo la chumba cha kupanga lililobandikwa juu yake kwa nusu, vyote unavistahimili.

Lakini kusomeka ni kitu kimoja, na kushikilia mshale ni kingine. Maelekezo ya ARCore yenyewe yanasema picha za QR hazifai kufuatiliwa na kamera, kwa kuwa zimejaa viraba vinavyofanana. Wanataka picha yenye vitu vingi tofauti, isiyojirudia. Tena kuna kifaa chao kinachoipa picha alama kati ya 0 na 100, na wanashauri isiwe chini ya 75.

Basi stika yetu ina sehemu mbili: QR ndogo pembeni ya kutambulisha mahali, na picha kubwa ya kushikilia mshale. Dada wa kurasa alianza na kanga, na nani angemlaumu, pwani hii. Kanga ikapata alama za aibu. Pindo lake linajirudia pande zote nne, na kompyuta haijui imeshika kona ipi. Akajaribu shamba la mkonge, mistari tu hadi upeo wa macho, nayo ikaanguka. Iliyofaulu ni ile aliyokata na kubandika mwenyewe: baiskeli yenye tenga la samaki, kipande cha dirisha la jengo la kale la Bombo, mbuyu, mtu anayekuna nazi, kila kimoja kwa ukubwa wake na hakuna kinachofanana na mwenzake. Ukiitazama kama mapambo imekaa ovyo. Simu inaipenda. Akatengeneza nyingine kwa kila kituo kwa kuvihamisha vitu, na sasa wanafunzi wanaopita maabara wanaulizana "we umependa ya samaki au ya mbuyu?"

Upana ni sentimita 20. Maelekezo yanataka angalau 15 na yanataka picha ijaze robo ya kioo ili ionekane mara ya kwanza, kwa hiyo mtu lazima asogee karibu. Tumezibandika usawa wa macho ya mtu wa kimo cha kati, upande wenye kivuli, pasipo kung'aa. Steshenari ya nje ya geti imetufanyia laminesheni kwa bei ya kirafiki, ila laminesheni yao inametameta, na mwanga ukiipiga kamera haioni kitu. Tumebadilisha, tumetumia isiyong'aa.

Septemba, wiki ya kupaka rangi

Hili hatukulitegemea. Uongozi unajiandaa kupokea wageni kwa kupaka kuta rangi nyeupe, nje na ndani, na korido zetu zimekuwa safi kama maziwa. Kwa macho ya binadamu zinapendeza. Kwa ARCore ni balaa. Simu hujua imesogea kwa kufuatilia vijialama kwenye picha: kona ya dirisha, ufa, doa, kibao cha tangazo. Ukuta mweupe usio na doa hauna cha kushika. Mshale unaanza vizuri penye stika, unatembea nawe hatua chache, halafu unaanza kuelea taratibu kama mtumbwi usiofungwa, na ukifika katikati ya korido unaelekeza kwenye dari.

Vijana wakataka tuongeze stika kila baada ya mita kumi. Ofisi ya majengo ikakataa, na mimi niko upande wao, ukuta umetoka kupakwa rangi.

Nikarudi kwenye maneno yaliyoko ubaoni. Kama watu hawapotei njiani, mshale wa njiani ni wa nini? Kati ya geti na jengo D hakuna kona hata moja ya kumchanganya mtu, ni kufuata njia ya mawe. Anachohitaji ni kujua ashike njia ipi mwanzoni, na akifika aingilie wapi. Mshale unahitajika pale tu, na pale ni karibu na stika, ambako bado haujaanza kuelea.

Kwa hiyo tumeufupisha. Mshale hai sasa unaonekana penye njia panda na mbele ya majengo tu, na ukiondoka hapo unatoweka wenyewe. Katikati unabaki na sentensi moja kubwa kwenye kioo: "Fuata njia ya mawe mpaka kwenye mwarobaini mkubwa." Msimbo uliofutwa ulikuwa wa majuma. Kijana aliyeuandika alinyamaza kutwa, nikamwagizia chai na kitumbua, hakunywa.

Septemba, majaribio

Tumewaita wadogo zetu na majirani ambao hawajawahi kuingia chuoni. Kila mmoja akapewa simu na karatasi moja: "Nenda ukalipe ada", "Nenda ukachukue kitambulisho", "Kipindi chako kiko chumba E204."

Binti mmoja alitufundisha kuliko wote. Alipewa toleo la zamani kimakusudi, lile la mshale wa njia nzima, ili tulinganishe. Akatembea simu ikiwa juu usoni, macho kwenye kioo, kama anayejipiga video, moja kwa moja kuelekea mtaro wa maji ya mvua ulio wazi mbele ya kafteria. Mtaro haumo kwenye programu. Mama ntilie mmoja akapiga kelele, "Mwanangu, chini!" Akasimama kidole cha mguu kikiwa hewani. Alipoulizwa baadaye alisema hakuona mtaro kwa sababu mshale ulikuwa umeufunika.

Akarudia kwa toleo jipya. Alisimama, akatazama, akashusha simu, akatembea akiangalia anakokwenda. Alipofika E akainua tena, mshale ukamwonyesha ngazi za pembeni, akapanda. Tumeongeza na kitu kidogo: simu ikihisi unatembea, kamera inajizima. Inaokoa miguu, inaokoa chaji, na simu haipati moto. Na tuseme ukweli, mtu mgeni anayetembea na simu mkononi, macho yake yako kwenye kioo, anawapa vibaka mwaliko.

Jambo jingine lililojitokeza ni kutafuta. Watu hawaandiki "Ofisi ya Mhasibu Mkuu". Wanaandika "pa kulipia". Wanaandika "pa kutoa kopi", "msikiti", "maji ya kunywa", "choo". Choo ndicho kilichotafutwa sana, na sisi hatukuwa nacho kwenye orodha. Sasa vyoo vyote vimo, pamoja na saa vinapofungwa.

Oktoba, siku chache kabla ya usajili

Majaribio ya mchana yamekataa kwenye vituo viwili vilivyofanya vizuri asubuhi. Imebidi tufikirie jua. Mwanzoni mwa Oktoba jua linapita juu kabisa ya Tanga, utosini, kama linavyofanya tena mwanzoni mwa Machi. Karibu na saa sita na robo mchana kivuli chako kiko chini ya nyayo. Vituo viwili hivyo, pamoja na ukuta unaozunguka stika, tulivirekodi kwa kamera saa mbili asubuhi, vivuli vya nguzo vikiwa virefu ukutani, na programu ilikuwa imevihesabu vivuli kuwa sehemu ya ukuta. Saa sita vivuli vimekwenda, ukuta haujulikani. Tumerekodi upya kwa nyakati tatu za siku na kuziweka zote.

Kuhusu kioo kutoonekana juani hatuna dawa. Tumeweka maandishi meusi mazito juu ya njano, na tumehamisha vituo viwili kwenye kivuli cha miembe. Yaliyobaki ni mkono juu ya kioo, kama kila mtu afanyavyo.

Ukubwa wa programu umepungua sana baada ya kubana picha. Mwanafunzi mpya hana bando la kuchezea, pesa ya mkopo haijaingia. Tutaigawa kwa Wi-Fi ya maabara na kwa kurushiana simu kwa simu, na inafanya kazi bila intaneti kabisa.

Oktoba, wiki ya usajili

Nimekaa kwenye meza chini ya mwembe wa getini, pembeni ya mzee, ninaandika ninachokiona.

Wenye simu zinazokubali mshale hai wanaufurahia, wanaitana, wanapigana picha nao. Baadaye wengi wanautumia mara moja au mbili, kisha wanahamia kwenye picha. Nimemuuliza kijana mmoja kwa nini. "Picha naiangalia nikiwa nimekaa. Mshale mpaka nisimame nielekeze simu, watu wananitazama." Hilo la kutazamwa hatukuwa nalo ubaoni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hataki ajulikane ni wa mwaka wa kwanza. Pale mbele ya maktaba, hata hivyo, mshale hai unashinda kila kitu. Picha inakuonyesha mlango wa nyuma, lakini haikuambii uzunguke kushoto au kulia ukiwa umesimama kwenye kona isiyo ile ya mpiga picha. Mshale unakuambia. Hapo ndipo unapolipa gharama zake, na kwenye ngazi za tangi la maji.

Mama mmoja kamleta bintiye kutoka Muheza. Simu ya binti ilikuwa imezima chaji. Mama ana simu ndogo ya batani. Dada wa kurasa akawatolea picha za njia kwenye karatasi, nyeusi na nyeupe. Mama akaiweka karatasi mezani, akaizungusha mpaka mwembe wa kwenye karatasi ukaelekea mwembe wenyewe, akasema, "Haya, huu mti ndio huu. Tunapita mkono wa kulia wake. Hapa pana bomba. Twende." Wakaondoka hawakuuliza mtu. Jioni tukachapa nyingine na kuziacha kwa mzee.

Alikuja pia mwanafunzi asiyeona, na mwenzake wa kumshika mkono. Kwake mshale na picha vyote ni bure. Aliomba kitu kimoja: zile sentensi za katikati zisomwe kwa sauti, na ziseme sakafu inabadilika wapi. Changarawe, saruji, nyasi, ngazi ngapi. Akasema "mwarobaini mkubwa" kwake hauna maana, lakini mahali saruji inapoishia anapajua kwa fimbo. Tumeanza kuziandika upya zote, tukitembea naye. Zimekuwa bora hata kwa wanaoona.

Oktoba, mvua za vuli

Njia ya mkato nyuma ya C imejaa maji. Programu inachagua njia fupi kwa kanuni ya mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra, ya tangu miaka ya 1950, inayojumlisha gharama ya kila kipande cha njia na kuchukua jumla ndogo. Gharama zetu zilikuwa mita tu. Sasa kila kipande kina gharama mbili, ya kiangazi na ya mvua, na kipande cha nyuma ya C kikilowa kinahesabiwa kama kirefu mara nyingi. Kuna kitufe kimoja: "Kumenyesha". Dada alitaka kijiwashe chenyewe kwa taarifa za hali ya hewa. Mzee wa getini kasema atakibonyeza yeye.

Novemba

Mkuu wa idara ameuliza kama tunaweza kumpa takwimu za wanafunzi wanapita wapi na saa ngapi. Tumesema programu haihifadhi mahali alipo mtu, na haitahifadhi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka uwe na sababu halali ya kukusanya taarifa za mtu na umweleze, na sisi sababu yetu inaishia mtu akifika mlangoni. Hakupinga.

Kinachosumbua sasa ni matunzo. Stika tatu zimechubuliwa, moja imefunikwa na bango la mgombea wa serikali ya wanafunzi (amekuja kuomba radhi na gundi yake mwenyewe). Ofisi ya vitambulisho imehamishwa kutoka A kwenda E bila yeyote kutuambia, na kwa siku mbili mshale wetu uliwapeleka watu kwenye stoo ya viti. Tumekubaliana na ofisi ya majengo kwamba chumba kikihama, karatasi ya kuhama inapita maabara kwanza. Kijana wa ramani anahitimu mwakani, kwa hiyo anamfundisha mwenzake wa mwaka wa kwanza, yule yule aliyekataa kuinua simu mbele za watu.

Kazi inayofuata ni ndani ya majengo, ghorofa kwa ghorofa. Jumatatu tunaanza na E ya juu, ambako fundi alibandika namba za vyumba upande wa ndani wa milango, na milango yote hufunguka kwa ndani.